Chunusi Ukiwa na Miaka 42
Mwaka 1967 Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi, ya kwanza kusini mwa Sahara. Miaka kumi baadaye, mwanamke bado alizaa watoto wanane kwa wastani. Kufikia 2022, ni 3.4. Kisii na Nyamira, mashamba yamegawanywa kwa wana hadi yakabaki vipande, hivyo kila mtu anaelewa hesabu hiyo.

Lakini mama wa miaka 42 aliyewekwa kipandikizi, uso ukajaa chunusi kama wa msichana wa sekondari, huambiwa eti avumilie tu. Akikitoa bila njia nyingine, mimba bado inawezekana. Koili ya shaba haina homoni na hukinga miaka kumi, ingawa hedhi yaweza kuwa nzito. Aelezwe yote mawili, kisha achague mwenyewe.