Divai ya Zamani na Bei Yake

Wengi wetu twaijua divai kwa sababu ya altare. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 924, yataka divai ya Misa iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Haiulizi umri wala bei. Lakini huko Ulaya watu hulipa fedha nyingi kwa ajili ya umri wa divai, nasi tumeona vema kueleza desturi hiyo ilivyotokea.

Waroma wa kale waliweka divai katika mitungi iliyozibwa. Divai ya mwaka 121 kabla ya Kristu ilipata sifa kubwa kuliko zote. Plinius Mzee, aliyekufa mwaka 79, aeleza kwamba katika siku zake divai ile ilikuwa imegeuka nzito kama asali, chungu, haiwezi kunywewa bila maji. Hata hivyo bei yake ilikuwa juu! Walinunua miaka, si ladha.

Baadaye watu wa Ulaya walitumia mapipa ya mbao. Hewa hupenya katika pipa, na divai huchachuka. Kwa hiyo, karne nyingi, divai mpya ndiyo iliyokuwa ghali, na ile ya mwaka uliopita iliuzwa rahisi. Mambo yaligeuka katika karne ya 17, Waingereza walipoanza kuyeyusha kioo kwa makaa ya mawe. Chupa zikawa imara, zikazibwa kwa gome la mwaloni wa Ureno na Hispania. Chupa ikilazwa, kizibo hakikauki, na hewa haipiti ila kidogo sana. Ndipo divai yenye ukakasi mwingi, utokao katika maganda na mbegu za zabibu, ilipopata nafasi ya kulainika kwa miaka. Divai isiyo na nguvu hiyo mara nyingi haifaidiki kwa kungoja. Inakufa tu chupani. Na divai nyingi za bei ndogo zimetengenezwa zinywewe mapema, wala si kosa lao.

Mwaka 1855 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Paris, na madalali wa Bordeaux wakapanga divai zao nyekundu katika madaraja 5. Walifuata bei za sokoni, hawakuonja upya. Orodha ile ingaliko, ingawa mwaka 1973 Château Mouton Rothschild ilipandishwa daraja la kwanza.

Tarehe 24 Mei 1976, huko Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliwapa waonjaji 9 Wafaransa divai za kwao na za California, bila kuwaonyesha chupa. Katika nyeupe na katika nyekundu, ya kwanza ilikuwa ya Marekani. Tena mwaka 2001 Frédéric Brochet wa Bordeaux alichapisha jaribio lake: wanafunzi 54 walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu, wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Tusiwacheke, jicho lilitangulia ulimi.

Kwa hiyo wanaolinganisha divai nyumbani, ya bei ndogo na ya zamani, huvika kila chupa karatasi na kuipa namba. Hutia kidogo katika glasi, hunusa, huonja, na kila mtu huandika maoni yake kabla mwenzake hajasema neno. Karatasi huondolewa mwishoni.