Kurejea si kula matapishi

Mfanyakazi akirudi kwa mwajiri wake wa zamani, wapo wanaosema, "Amekula matapishi yake." Wanamwonea. Msemo huo humhusu aliyeapa au kutukana, kisha akayameza maneno yake. Aliyeaga kwa heshima hakutapika kitu. Kwa mfano, mwaka 2021 mwanasoka Clatous Chama aliihama klabu ya Simba ya Tanzania kwenda RS Berkane ya Moroko. Januari 2022 akawa tena Simba. Neno linalomstahili ni "amerejea". Kitenzi hiki, chenye asili ya Kiarabu, hakibebi aibu. Ndicho tunachomwambia hata msafiri afikapo kwao. Tuwapokee wenzetu kwa neno hilo. Nawe unayeondoka kazini leo, aga vizuri: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.