Pindo, Mji na Jina

Mtaala wa Tanzania wa 2023 umewapa wanafunzi wa darasa la III hadi la VI somo linaloitwa Sanaa na Michezo. Kabla ya hapo mambo ya uchoraji na ufinyanzi yalikaa ndani ya Stadi za Kazi, jirani na upishi. Jina limebadilika, lakini darasani amri ni ileile: chora. Chora kikombe, chora bendera, chora familia yako. Maskini kitenzi hiki! Zamani kilishika hata kisu. Aliyechora mlango Pwani alikuwa akichonga mbao. Sasa kimebaki na penseli, tena ya kunakili alichochora mwalimu ubaoni.

Kazi inakuwa ngumu tunapofika kwenye kupanga: nini kikae wapi, na nafasi tupu ibaki kiasi gani. Wataalamu wana maneno mawili. Usanifu ni neno zuri, ila mtoto analijua kwa Kiswahili sanifu na pengine kwa msanifu majengo. Ubunifu nalo limechoshwa na hotuba, na isitoshe kubuni ni pamoja na kuzua. Kwenye muhtasari wa somo sina ugomvi nayo. Mtoto wa miaka 9 hayamwambii aanzie wapi.

Kanga inamwambia. Itandaze juu ya dawati. Ukingo unaozunguka pande zote nne ni pindo. Katikati ni mji (aliyeuita hivyo alijua kuwa humo ndimo macho yanamokwenda kukaa). Chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, pana jina, yaani yale maandishi ambayo wanunuzi huyasoma kabla ya kuuliza bei. Mpe mwanafunzi karatasi atengeneze kanga ya bibi yake. Haitachukua muda ataona kwamba pindo likinenepa mji unabanwa, na jina likirefuka herufi zinasinyaa. Atafuta, atapima upya, atabishana na mwenzake. Huo ndio usanifu, na hakuna istilahi iliyotungwa ili aupate.

Rangi pia zina mambo yake. Vivumishi vya rangi vinavyopokea viambishi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine nyingi tumezichukua kwenye vitu: kijani kwenye jani, kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, manjano kwenye kiungo cha mchuzi. Shule isiyo na rangi za dukani isikate tamaa. Manjano ya unga yakikorogwa na maji hupaka karatasi vizuri, na mtoto akajua jina limetoka wapi.

Waandishi wa vitabu vya somo hili, tangulizeni pindo, mji na jina. Usanifu unaweza kusubiri darasa la VI.