Ufahamu wa kusoma katika somo la Kilimo

Ufahamu wa kusoma katika somo la Kilimo ni uwezo wa mwanafunzi kupata maana katika maandishi ya kilimo, yawe sura ya kitabu, jedwali au lebo ya gunia, na kuitumia shambani. Sironga, katika Kaunti ya Nyamira, wanafunzi wengi hukua kati ya michai na migomba wakizungumza Ekegusii, ilhali Kilimo cha sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Kazi wanaijua, kinachowatatiza ni lugha yake ya kitabuni.

Ndiyo maana kuamsha maarifa ya awali, mkakati wa kwanza kwa kawaida, husaidia lakini peke yake hakutoshi. Istilahi ya Kiingereza ambayo neno kwa neno ni “kuifanya miche iwe migumu” huhusu kupunguza kivuli na maji kitaluni siku chache kabla ya kuhamisha miche. Msichana aliyewahi kumsaidia nyanya yake kuondoa nyasi juu ya kitalu cha sukuma wiki ameifanya kazi hiyo, lakini asipoonyeshwa uhusiano huo atakariri neno tupu.

Lebo nayo ni matini. Gunia la kilo 50 la mbolea ya chai huandikwa NPK 26:5:5. Hizo ni asilimia: naitrojeni kilo 13, kisha fosfeti na potashi kilo 2.5 kila moja. Naitrojeni imezidi kwa sababu mkulima wa chai huvuna majani mawili na chipukizi, wala si matunda. Darasa likikokotoa na kueleza sababu hiyo, limesoma kwa kina kuliko kunakili kurasa nzima ubaoni.

Mwaka 1984 Annemarie Palincsar na Ann Brown wa Marekani walieleza ufundishaji wa kupokezana, ambamo wanafunzi hushika zamu kutabiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha. Katika Kilimo, kutabiri kuna manufaa ya pekee. Kabla ya kusoma kuhusu makinga maji, wanafunzi husimama kwenye mteremko wa shamba la shule na kuonyesha maji ya mvua yatakakopita. Kisha hulinganisha na kitabu.

Usomaji huu hupimwa mwishoni mwa sekondari: mtihani wa Kilimo wa KCSE una karatasi mbili za nadharia pamoja na mradi. Kwenye karatasi, anayeorodhesha palipotakiwa maelezo hupoteza alama. Kwenye mradi, maelekezo yaliyosomwa vibaya huonekana wazi: mistari imesongamana, na mbolea ya kukuzia imewekwa siku ya kupanda.