Nanochembe: Zinabebaje dawa mwilini?

Dawa ikishaingia kwenye damu, inasambaa kila mahali. Inafika kwenye ugonjwa, lakini inapita pia kwenye figo, ini na moyo. Madhara mengi yanaanzia hapo.

Njia moja ya kuyapunguza ni kuipakia dawa ndani ya nanochembe.

Nanochembe ni nini?

Ni chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita. Milimita 1 ina nanomita milioni 1. Unywele wako una unene wa karibu nanomita 80,000, ila chembe nyingi za kubebea dawa hazifiki hata 200.

Zilizozoeleka zaidi ni liposomu, yaani viputo vya mafuta vinavyofanana na utando wa seli. Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa hivyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995.

Mfano wa karibu

Amfoterisini B inaua fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo, hasa kwa wenye VVU ambao kinga imeshuka sana. Shida ni kwamba inaumiza figo na kupunguza damu. Kwa tiba ya zamani, mgonjwa anatundikiwa dripu kila siku kwa wiki nzima.

Ikiwa ndani ya liposomu, inatulia humo mpaka kiputo kimfikie fangasi. Figo zinasalimika zaidi, hivyo dozi kubwa inaweza kutolewa mara moja tu.

Utafiti wa AMBITION ulilijaribu hilo Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini. Kundi moja lilipewa dozi hiyo moja pamoja na vidonge vya siku 14, jingine tiba ya zamani. Matokeo yalitoka 2022:

- Waliofariki ndani ya wiki 10: asilimia 24.8 kwa dozi moja, 28.7 kwa tiba ya zamani.
- Waliopata madhara makali: asilimia 50 dhidi ya 62.3.

Mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza dozi moja.

Je, zinamaliza tatizo?

Hapana. Nanochembe nyingi hunaswa na ini na wengu kabla ya kufika zinakotakiwa. Dawa ya liposomu pia ni ghali kuliko ile ya kawaida.

Na hata kwa dozi hiyo, karibu mgonjwa 1 kati ya 4 alifariki. Kwa hiyo kama una VVU na kichwa kinauma mfululizo, usisubiri. Wahi kituo cha afya.