Chekechea za Karatu na Ngorongoro: Uji Umelipwa na Nani?

Chekechea za vijijini Tanzania zilienea miaka ya 1970. Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT) ulizihimiza ili akina mama wapate kwenda mashambani, na kijiji kilikuwa ndicho mlipaji: debe la mahindi la uji, posho ya mlezi, chumba cha kuazima. Wilaya ya Mbulu, iliyokuwa na Karatu ndani yake, ilipitiwa na Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Kwa Wamaasai operesheni hiyo iliitwa Imparnati, lakini mfugaji anayehamisha mifugo kufuata malisho hakutulia kirahisi kwenye ramani ya vijiji hivyo, na kituo cha watoto kinahitaji watu waliotulia.

Mwaka 1981 Bunge lilitunga Sheria ya Vituo vya Kulelea Watoto Mchana. Ilieleza usajili na usimamizi. Mfuko wa kijiji, uliokuwa ukilisha watoto, ndio uliotetereka: uchumi ulikuwa umeanguka, na mwaka 1986 nchi ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ikafutwa. Wananchi walishangilia, nao walikuwa na haki, lakini halmashauri zilizidi kutegemea ruzuku ya Serikali Kuu, na ruzuku huja na maelekezo yake.

Maelekezo hayo yaliipendelea shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), ulioanza 2002, ulipiga hesabu ya dola 10 kwa kila mwanafunzi wa msingi. Sera ya Elimu ya 2014 ikafanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu Januari 2016 ada ikaondolewa. Mtoto wa miaka mitano akawa na darasa. Wa miaka mitatu akabaki kwa bibi, au kwa mlezi anayesubiri michango ya wazazi.

Ngorongoro ina shida ya ziada. Kutoka boma hadi shule ni mbali, na njiani kuna nyati na tembo. Ndiyo maana shule shikizi, yaani madarasa madogo ya karibu na makazi yaliyoshikizwa kwa shule mama, zina maana kubwa huko. Katika mpango wa fedha za UVIKO-19, wa shilingi trilioni 1.3 uliozinduliwa Oktoba 2021, madarasa 3,000 ya shule shikizi nchini yalitengewa shilingi milioni 20 kila moja. Machi 2022 ikaagizwa fedha za mpango huo zilizokwisha kuingia kwenye akaunti za shule za ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro zihamishiwe Handeni, mkoani Tanga, walikokuwa wakiandaliwa kupelekwa wakazi. Watoto walikuwa bado hawajahama.

Agosti 2024 tangazo la Serikali likafuta kata 11 na vijiji 25 vya Ngorongoro. Baada ya maandamano na amri ya Mahakama Kuu, Serikali ilirudi nyuma. Lakini fikiria: kijiji kisichokuwapo kisheria kingeombaje fedha za kituo cha watoto?

Programu ya taifa ya malezi na makuzi ya awali, PJT-MMMAM, iliyozinduliwa Desemba 2021, ilizitaka halmashauri zitenge fedha kwa ajili ya watoto wadogo. Kila asubuhi magari ya watalii hupita Karatu kuelekea lango la Lodoare, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema eneo hili halina kipato. Bajeti ijayo ikijadiliwa, muulize diwani wako: mlezi wa kituo cha kitongoji chetu amewekwa kwenye fungu gani, na kwa shilingi ngapi?