Kutojibu si Kutokuwepo: Historia Fupi ya Kupima Fahamu ya Mgonjwa Aliyeumia Ubongo

Mgonjwa aliyeumia kichwa anapolazwa akiwa hasemi wala hafungui macho, ndugu zake huinamia kitanda na kumwita kwa jina. Wakikosa jibu, humgeukia daktari na kumuuliza: "Je, anatusikia?" Swali hilo lina historia yake. Insha hii inaifuatilia tangu miaka ya 1950, na hoja yake ni kwamba vipimo vya fahamu vimekuwa vikipima jibu la mgonjwa, si fahamu yenyewe. Hatua kubwa katika historia hii zimepigwa pale madaktari walipotambua kuwa kutojibu si sawa na kutokuwepo.

Kwa nini tuanze na miaka ya 1950? Kabla ya hapo, mtu aliyezama katika koma nzito kwa kawaida hakukaa muda mrefu: alizinduka, au alikufa kwa kushindwa kupumua. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko wa polio. Daktari Bjørn Ibsen alionyesha kuwa mgonjwa anaweza kupumuliwa kwa mrija uliopitishwa kooni na mfuko unaobanwa kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wakapokezana zamu za kubana mifuko hiyo usiku na mchana. Baadaye mashine za kupumulia zilienea, pamoja na vyumba vya wagonjwa mahututi.

Mafanikio hayo yalizaa tatizo jipya. Walitokea wagonjwa ambao moyo ulidunda, lakini ubongo haukutoa dalili yoyote. Mwaka 1959 madaktari wa Ufaransa, Mollaret na Goulon, walieleza hali ya wagonjwa 23 wa aina hiyo na kuiita hali iliyopita koma. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilipendekeza vigezo vya kumhesabu mtu kuwa amekufa ubongo wake ukishakufa, hata kama moyo bado unadunda. Tangu hapo, kupima fahamu kukawa jambo linalogusa uamuzi wa kuendelea na matibabu au kuyasitisha.

Hata hivyo, majeruhi wengi hawakuwa wamefika huko. Walikuwa katikati, na lugha ya kuwaeleza ilikuwa ya kubahatisha. Daktari mmoja aliandika kuwa mgonjwa ana usingizi mzito, mwingine kuwa yuko nusu koma, na muuguzi wa zamu ya usiku hakuweza kujua kama hali imebadilika au ni maneno tu yaliyobadilika. Mwaka 1974 Graham Teasdale na Bryan Jennett, madaktari wa upasuaji wa ubongo mjini Glasgow, Uskoti, walichapisha kipimo ambacho hakikuhitaji mashine. Kiliangalia mambo matatu: macho yanafunguka kwa kichocheo gani, mgonjwa anasema nini, na viungo vyake vinasogeaje. Hapo mwanzo alama za juu zilikuwa 14, kisha zikawa 15: macho 4, maneno 5, viungo 6. Asiyejibu chochote hupata 3. Nguvu ya kipimo hiki ni kwamba muuguzi na profesa waliweza kusema lugha moja.

Lakini kipimo hicho kilimfikiria mtu mzima anayeweza kusema. Je, mtoto mchanga aulizwe yuko wapi? Nchini Malawi, katika miaka ya 1980, madaktari waliowatibu watoto ambao malaria ilikuwa imewapanda kichwani walilazimika kukitengeneza upya. Kipimo chao, kinachoitwa kwa jina la mji wa Blantyre, kina alama 0 hadi 5. Badala ya maswali, huangalia kilio cha mtoto, namna anavyoitikia maumivu, na kama macho yake yanaufuata uso wa mama. Kwa maoni yangu, hatua hii inastahili nafasi kubwa zaidi katika historia: wodi ya Kiafrika haikupokea tu kipimo kutoka Ulaya, bali ilikisahihisha.

Pigo kubwa zaidi kwa imani ya kwamba asiyejibu hayupo lilikuja mwaka 2006. Tayari mwaka 1972 Jennett na Fred Plum walikuwa wameeleza hali ya wagonjwa wanaofungua macho, wanaolala na kuamka, lakini hawaonyeshi kujitambua. Adrian Owen na wenzake walimpima mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa katika hali hiyo baada ya ajali ya barabarani. Akiwa ndani ya mashine ya MRI, aliambiwa awaze kwamba anacheza tenisi, kisha kwamba anatembea katika vyumba vya nyumbani kwake. Ubongo wake ulifanya kazi kama wa watu wenye afya waliopewa agizo lilelile. Mwaka 2010 matokeo ya wagonjwa 54 yalichapishwa: 5 waliweza kufanya hivyo, na mmoja alijibu maswali, tenisi ikiwa "ndiyo" na nyumba ikiwa "hapana". Wengi hawakuonyesha kitu, na hilo lisifichwe. Ndugu wasipewe matumaini ya uongo.

Sisi tunaosoma Kiswahili nchini Uganda tuna la kuongeza. Katika kipimo cha Glasgow, anayejua yeye ni nani, yuko wapi na ni mwaka gani hupata alama 5 za maneno. Aliyechanganyikiwa hupata 4. Tuchukulie mfanyabiashara kutoka Kongo, msemaji wa Kiswahili, aliyeumia kichwa akiwa upande huu wa mpaka, anayeulizwa kwa Kiingereza au Luganda. Akibabaika, ni ubongo ulioshindwa au ni lugha? Blantyre walibadilisha kipimo kwa ajili ya mtoto asiyejua kusema. Kumuuliza mtu mzima kwa lugha anayoijua ni kazi ndogo kuliko hiyo, na haihitaji mashine. Kabla ya kuandika kwamba mgonjwa hakujibu, tuandike pia aliulizwa kwa lugha gani.